Mtoto anaonewa bwenini, nami naambiwa nimfundishe kugeuza shavu la pili

SWALI

Tumsifu Yesu Kristu, Padre. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Usa River. Kijana wangu wa pili yuko darasa la tano, anasoma bweni katika shule ya masista huko Moshi, tulimhamishia Januari. Kama watoto wengi wa huku kwetu ana meno ya kahawia kwa sababu ya maji, na tangu wiki ya kwanza wenzake wamempa jina baya kwa ajili ya meno hayo. Likizo alirudi amekonda. Baada ya kumbembeleza sana ndipo akasema kwamba wavulana wawili wa darasa la saba humfungulia tranka na kula vitu vyake, humfulisha soksi zao, na akikataa humwagia maji kitandani usiku ili asubuhi aonekane kikojozi. Nilimpigia simu mwalimu wa malezi. Akasema nimfundishe mtoto kusamehe, Bwana alituambia tugeuze shavu la pili, na kwamba utoto ndivyo ulivyo. Baba yake kwa upande wake amemwambia aokote jiwe.

Nauliza: mtoto akijitetea anatenda dhambi? Ni lazima awasamehe? Na mimi nikilipeleka jambo hili mbele, je, nitakuwa nalivunjia Kanisa heshima? Sista mkuu ni mtu mwema, na shule ina jina.

JIBU

Milele amina, mama. Nianze na mwalimu wa malezi, maana amenukuu Injili, na hapo ameingia shambani kwangu.

Maneno hayo yako Mathayo 5:39. Yasome taratibu: "mtu akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili." Akupigaye wewe. Bwana anasema na mwenye shavu. Hakusema kwamba akipigwa mwenzako, umshike kichwa umgeuze. Shavu langu naweza kulitoa nikiwa mtu mzima mwenye hiari, kwa ajili ya upendo, nikijua ninachokifanya. La mtoto wa miaka kumi na moja, anayelala hatua tatu kutoka kwa wanaomtesa, hakuna aliyepewa ruhusa ya kulitoa kwa niaba yake: si mwalimu, si padre, hata wewe mama mzazi. Kumwambia ageuze shavu huku sisi tukilala vyumbani mwetu milango ina komeo ni kujipunguzia kazi kwa kutumia Biblia. Nasema hivyo nikijua kwamba mwalimu wa malezi ana watoto wengi na usingizi kidogo.

Kuna jambo jingine watu hulipita haraka. Kwa nini shavu la kuume? Anayetumia mkono wa kulia, akikuzaba kofi mkiwa mmetazamana, kofi linaangukia shavu lako la kushoto. Kulifikia la kulia inabidi atumie mgongo wa mkono. Ndiyo maana wafafanuzi wengi wa Maandiko huona kwamba hapo Bwana anazungumzia dharau, kofi la bwana kwa mtumwa, na anamkataza mfuasi wake asilipe kisasi kwa dharau hiyo. Kunyamaza hakutajwi.

Maana Yeye mwenyewe alipigwa kofi, mama, na hakunyamaza. Fungua Yohana 18. Yuko mbele ya Anasi, amefungwa, askari mmoja anampiga. Alijibu: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakurudisha kofi. Hakutukana. Lakini alilitaja kosa mbele ya watu wote waliokuwemo na akamdai mpigaji sababu. Wanipigia nini? Mfundishe kijana wako swali hilo, alijue kama anavyojua Baba Yetu, na umwambie aliulize kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho.

Sasa jiwe la baba yake. Simlaumu sana, ni uchungu wa mzazi, na angalau yeye amekubali kwamba mtoto anapigwa. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2263, inafundisha kwamba mtu ana haki ya kujikinga, na nguvu anayotumia isizidi ile inayotosha kumzuia mshambuliaji. Kwa hiyo kijana akijichomoa, akimsukuma anayemshika, akipiga kelele, akikimbilia kwa matroni usiku wa manane, hana dhambi ya kuungama. Jiwe ni habari nyingine. Jiwe linapasua kichwa, kisha mwanao ndiye atakayefukuzwa, na wale wawili watakuwa mashahidi. Mtakatifu Yohane Bosco, padre wa Italia aliyelea wavulana maskini, alisimulia ndoto aliyoota akiwa na miaka tisa: wavulana wanapigana na kutukana, naye akajitosa kati yao kwa ngumi awanyamazishe. Akaambiwa kwamba hao angewapata kwa upole na upendo, si kwa mapigo. Lakini ona, alipoamka hakuwaacha waendelee kupigana. Malezi yake yote yalijengwa juu ya mlezi kuwapo palipo watoto: uwanjani, mezani, bwenini. Bweni ambalo mlezi hulipitia saa mbili usiku kisha akarudi alfajiri halina mlezi kwa saa nane, na ndani ya hizo saa nane ndimo kitanda cha mwanao kinapomwagiwa maji.

Sitaki kupita haraka kwenye lile jina.

Huku kwetu hayo meno yana historia ya ardhi. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kwa wingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yanajiumba ndani ya fizi huota meno ya kahawia. Hakuna mswaki wa kuyafuta. Si uchafu wala uzembe wa mama. Mwalimu wa sayansi angeweza kulimaliza darasani kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini, na watoto wangeenda kucheza wakijua kitu kipya kuhusu nchi yao. Badala yake jina limeachwa litembee, na nisingeshangaa nikisikia kwamba yupo mwalimu aliyelitumia akidhani anatania.

Katekisimu namba 2158 inasema jina la kila mtu ni takatifu, nalo ladai heshima kwa sababu ya yule anayelibeba. Nami nina ushahidi wangu. Nikiwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa mtumikiaji wa altare na mcheshi wa darasa. Alikuja mvulana mwenye kigugumizi. Sikumpiga hata siku moja. Nilimpa jina tu, likashika, na hadi tunamaliza la saba hata walimu walikuwa wakimwita hivyo kwenye kuita mahudhurio. Miaka mingi baadaye nilitaka kumtafuta. Nikagundua kwamba jina lake la ubatizo silijui. Nimelisahau kabisa. Lile nililompa mimi nalikumbuka vizuri.

Kwa hiyo unaponiuliza habari za msamaha, sijibu kama mtu aliyekaa upande wa wasafi.

Ndiyo, siku moja kijana wako atatakiwa kuwasamehe, na Mungu atamsaidia. Lakini tuna tabia ya kuuanza msamaha mwishoni. Bwana katika Luka 17:3 ameweka mpangilio: "Kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuonya kumetangulia. Na anayetubu anadaiwa. Katekisimu namba 1459 iko wazi kwamba ondoleo la dhambi haliondoi madhara yaliyosababishwa na dhambi. Aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mwenzake jina amsafishe, aliyejeruhi afidie. Wale wa darasa la saba wamekula biskuti na karanga za mtu: zirudishwe, kutoka kwenye pesa zao za matumizi. Wamemfulisha: wafue shuka walizozilowesha. Wamesema ni kikojozi mbele ya bweni zima: waseme ukweli mbele ya bweni hilohilo. Nimeona shule zikiwaita watoto ofisini, mwonevu na aliyeonewa, dakika tano, "shikaneni mikono, semeni yameisha." Wakitoka mlangoni yule mdogo anajua usiku unakuja. Mkono ulioshikwa kwa amri ya mwalimu haujasamehe wala kusamehewa.

Na tafadhali wasichapwe mstarini. Ukimwonyesha mvulana wa miaka kumi na mitatu kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye fimbo, umemfundisha lilelile analolijua tayari, na atakwenda kulimalizia bwenini. Hao nao ni watoto wa mtu. Mara nyingi aliyeonewa na wakubwa alipokuwa la tano ndiye mwonevu akifika la saba, kama deni linalorithiwa. Inafaa kuuliza nani aliwafulisha wao soksi.

Swali lako la tatu ndilo lililokukosesha usingizi, naona. Shule ina jina. Shule za misioni mkoani Kilimanjaro zina umri mrefu, tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na bibi zetu walitembea vijia vya migombani kuzifuata. Heshima hiyo ilijengwa na watu waliowatunza watoto wa wenzao. Kinachoivunja ni soksi na maji ya usiku. Anayeyasema yuko upande wa waliojenga.

Soma Mathayo 18 yote kwa kikao kimoja. Wahubiri huwa tunaikatakata. Inaanza na mtoto mdogo aliyewekwa katikati ya wanafunzi. Halafu jiwe la kusagia kwa shingo ya atakayemkosesha mmojawapo wa wadogo hawa. Halafu kondoo mmoja aliyepotea, ambaye kwa ajili yake tisini na tisa wanaachwa. Halafu, kuanzia aya ya 15, Bwana anataja hatua: mwonye ndugu yako mkiwa wawili, asiposikia, chukua mmoja au wawili uende nao, asiposikia, liambie kanisa. Kusamehe sabini mara saba kunakuja baada ya hayo yote. Mwalimu wako wa malezi ameruka sura nzima na kutua kwenye mstari wake wa mwisho.

Simu uliyopiga ilikuwa hatua ya kwanza. Sasa nenda mwenyewe kwa Sista mkuu, wewe na baba yake, jiwe alibakize nyumbani. Andika kwenye karatasi aliyoyasema mtoto, kwa maneno yake, na siku anazozikumbuka. Mwambie Sista kwa heshima, maana anaweza kweli kuwa hajui. Habari za bwenini hupanda ngazi polepole. Omba kijana ahamishiwe kitanda karibu na chumba cha patroni usiku huohuo, si baada ya uchunguzi. Ikibidi mtu ahame bweni, wahame wale wawili. Yeye asihamishwe kama mwenye kosa. Omba tranka lake liwe na kufuli jipya. Uliza viranja wanapewa madaraka gani, kwa sababu shule nyingi humkabidhi mtoto wa la saba fimbo na funguo kisha zikashangaa. Serikali ilipozuia bweni kwa chekechea hadi darasa la nne mwaka 2023, wazazi wengi wa huku tulionao makanisani walinung'unika. Mimi nilinyamaza nikifikiria watoto wa la tano.

Mpe Sista siku saba, urudi. Asipotenda, padre mlezi wa shule yupo, na ofisi ya elimu ya jimbo ipo. Ukiwa bado huoni kitu, afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri wapo kwa kazi hiyo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mwanao akiwa shule ya dini kama akiwa shule ya serikali. Namba 116 ya kumsaidia mtoto haina malipo. Lakini akija na jeraha, au ukisikia dalili yoyote ya kuchezewa mwili, ngazi hizi zote zisahau: hospitali, kisha dawati la jinsia na watoto la polisi, siku hiyohiyo. Na ukiamua kumtoa shuleni katikati ya muhula, hujakimbia msalaba. Kuchagua shule ni haki ya mzazi, Katekisimu namba 2229.

Nikuombe na hili, ni dogo lakini limewahi kuumiza watoto. Wengi hulisema jambo kama hili kwenye kitubio, wakidhani padre sasa atafanya kitu. Padre hawezi. Kanuni namba 983 na 984 za Sheria ya Kanisa zinamfunga: asilitoe, asilitumie, hata kwa nia njema ya kumsaidia mtoto huyo. Mwambie kijana wako aungame dhambi zake kitubioni, na shida zake azilete nje, kwenye benchi, mchana, ambako padre ana mdomo na miguu.

Lile jina wanalomwita uliliandika mara mbili katika barua yako. Nimeliondoa kabla ya kuichapa.