Nchi Ikiendelea, Je, Dar es Salaam Itaiachia Nafasi Miji Mingine?

SWALI: Ninauza vipuri vya mashine jijini Mwanza, na karibu kila kipuri ninakifuata Dar es Salaam. Je, uchumi wa nchi ukikua, pengo kati ya jiji hilo na miji yetu litapungua lenyewe? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Ndugu msomaji, halitapungua lenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, ilhali Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba mji wa Mwanza, kwa pamoja zilikuwa na watu takriban milioni 1.1 tu.

Tangu mchumi Jeffrey Williamson alipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1965, wachumi wengi wameeleza kwamba nchi maskini inapoanza kuinuka hulimbikiza shughuli mahali pamoja, kwa kuwa haimudu kujenga bandari, barabara na umeme wa uhakika kila mahali kwa wakati mmoja, na kwamba baadaye, foleni na kodi za pango zinapopandisha gharama, viwanda huhamia kwingine. Sehemu ya kwanza naikubali, kwani reli ya kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ndiyo iliyoifanya Dar es Salaam lango la bara. Sehemu ya pili inataka tahadhari. Korea Kusini imetajirika na wakazi wa jiji la Seoul lenyewe wamepungua, lakini vitongoji na miji inayolizunguka imekua kiasi kwamba zaidi ya nusu ya wananchi wote sasa wanaishi katika ukanda huo mmoja.

Hapa kwetu serikali ilijaribu mapema: Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, uliteua miji tisa, Mwanza ikiwemo, iwe vitovu vya ukuaji, na mwaka 1973 ukafuata uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Viwanda vya umma vilifika mikoani, lakini vingi vilidhoofika katika miaka ya 1980. Naamini ilichangia sana kwamba fedha za kigeni, vibali na ofisi kuu za mashirika mengi vilibaki Dar es Salaam, hivyo meneja wa mkoani hakuweza kuamua jambo kubwa bila kusafiri.

Kwako wewe, reli ya kisasa inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka itasaidia ikiwa mkopo mkubwa, kibali na ukaguzi wa forodha vitapatikana papo hapo Mwanza. Bila hayo, reli hiyohiyo inaweza kuwarahisishia wauzaji wa jumla wa Kariakoo kuwafikia wateja wako moja kwa moja.