Visiwa vya Florida, "Key" ni ufunguo?

SWALI: Habari zenu wahariri. Nilikuwa naangalia ramani ya Marekani, kule chini kabisa kwenye ncha ya Florida kuna msururu wa visiwa vidogo vidogo, Key West, Key Largo, Big Pine Key, yaani Key kila mahali. Sasa key si ufunguo? Rafiki yangu kashikilia eti vinaitwa hivyo sababu ndo vinafungua mlango wa Ghuba ya Meksiko. Naomba mnitoe tongotongo.

JIBU: Mwambie huyo rafiki kajitahidi, ila funguo hazihusiki kabisa hapo. Asili yake ni neno la Kihispania, cayo, maana yake kisiwa kidogo kisichoinuka sana kutoka baharini, na Wahispania nao hawakulitoa kwao, walilikuta kwa Wataino, wenyeji wa Cuba, Puerto Rico na visiwa vya jirani waliokuwepo kabla Columbus hajatia nanga 1492. Maneno hamaca (kitanda cha kuning'inia) na canoa (mtumbwi) nayo yametoka huko huko kwa hao hao.

Waingereza walipofika wakawa wanaandika wanavyosikia, mara cay, mara kay, mara key. Halafu walikuwa na neno lao jingine la gati, siku hizi wanaliandika quay, ila zamani nalo liliandikwa key, na lilitoka Kifaransa. Asili mbili tofauti, sauti ileile, basi ikawa vurugu tupu.

Sasa Key West ndo utamu wenyewe. Wahispania walikiita Cayo Hueso, yaani Kisiwa cha Mfupa, inasemekana sababu walikuta mifupa ya wenyeji imezagaa. Hueso inatamkwa kama "weso", Mwingereza akasikia West, magharibi, na kwa kuwa kisiwa chenyewe kweli kiko upande wa magharibi wa msururu hakuna aliyejisumbua kuuliza tena. Hata hivyo sio cha mwisho, Dry Tortugas viko mbele zaidi, kama kilomita 110 baharini.

Key Largo ni Cayo Largo, kisiwa kirefu. Hebu angalia Key inapokaa: kwenye hayo majina mawili iko mwanzoni, kwa mpangilio wa Kihispania, nomino kwanza sifa baadaye kama sisi tunavyosema, lakini Big Pine Key na Long Key wameipeleka mwisho, Kiingereza hicho.

Kwa watu wa jiografia neno lina maana finyu zaidi, ni kisiwa cha mchanga na vipande vya matumbawe vilivyorundikwa na mawimbi juu ya mwamba. Kichekesho ni kwamba kwa maana hiyo Key Largo hakifuzu! Chenyewe ni mwamba wa matumbawe ulioota wakati bahari iko juu kuliko leo, takriban miaka 125,000 iliyopita, maji yaliposhuka ukabaki mkavu, kwa hiyo jina ni la mazoea tu.

Ukienda Belize utakuta wanaandika caye, kama Caye Caulker na Ambergris Caye, ila wanatamka "kii" vilevile. Na ile ndimu ndogo ambayo Wamarekani wanaiita Key lime, jina kalipata kwa hivi visiwa vya Florida, ingawa mti wenyewe asili yake ni Asia.