Wadogo zangu mnaoanza bekoni nyumbani, nunueni mizani

Nawapenda, lakini nimechoka kuona chumvi ya pinki, ile ya kuhifadhia nyama, ikipimwa kwa kijiko. Tuambizane.

1. Tumbo la nguruwe kilo 2: chumvi ya kawaida gramu 45, ya pinki namba 1 gramu 5, sukari gramu 20. Ile ya pinki ina naitraiti, kemikali ya kuhifadhi nyama, asilimia 6.25, na imetiwa rangi makusudi ili mtu asidhani ni ya mezani. Juzi nimemkuta kijana ana kilo 1 ya nyama. Alihitaji gramu 2.5 tu. Kijiko chake cha chakula kilibeba zaidi ya 15, na alishapaka kila pembe, anafurahi, ananitajia wageni wa Jumapili. Naitraiti ikizidi, damu inashindwa kubeba oksijeni, midomo inageuka bluu. Nikamwambia atupe. Akaomba aioshe, ailoweke usiku kucha. Kuloweka kunapunguza, sawa, lakini utajuaje kilichobaki ni kiasi gani? Tukaifukia. Roho iliniuma, maana lilikuwa tumbo zuri kweli, mafuta na mnofu vimepangana tabaka kwa tabaka. Akauliza, si bora kuiacha kabisa hiyo ya pinki? Ukitaka kufukiza moshi, usiiache: ndiyo inayozuia bakteria wa botulini, wenye sumu ya kuua, na ndiyo inayoipa bekoni rangi na ladha yake.

2. Funga kwenye mfuko, weka friji chini ya nyuzi 4, siku 7 hadi 10, geuza kila siku. Maji yakitoka msiyamwage jamani! Chumvi mliyoipima imo humo.

3. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiona vilengelenge vyeupe ndani ya mnofu, hao ni tegu. Usitegemee chumvi iwaue.

4. Suuza, futa, acha wazi kwenye friji usiku mmoja mpaka uso unate kidogo. Moshi ushike hapo, hadi katikati ya nyama ifike nyuzi 65.

5. Mnaoulizia pancetta, tumbo la nguruwe la Kiitaliano linalotiwa chumvi na kukaushwa: Waitaliano huining'iniza penye ubaridi, nyuzi 12 hadi 15 hivi. Dar hakuna baraza yenye ubaridi huo, na nzi hawana huruma. Ning'iniza ndani ya friji mpaka ipungue uzito kwa asilimia 30. Ikikaa wiki nyingi hivyo, tumia ya pinki namba 2, yenye naitraiti pamoja na ndugu yake naitreti. Hiyo msiitie kamwe kwenye bekoni ya kukaanga.