Faiba na nyaya za umeme zipite paipu moja?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunajenga nyumba ya ghorofa moja hapa Nzuguni, Dodoma, ya kupangisha. Kuta zimesimama, wiki ijayo tunaanza kupasua ili kulaza paipu. Fundi umeme anasema faiba ya intaneti ipite kwenye paipu za umeme, kwa sababu faiba ni mwanga na haipigi shoti, paipu za ziada ni kutupa hela. Mjomba wangu amekataa katakata. Nani tumsikilize? Na tununue waya wa aina gani?

JIBU: Marahaba. Msikilize mjomba, ingawa fundi hajakudanganya kote. Faiba ni uzi mwembamba wa kioo, na kioo kweli hakipitishi umeme, na mwanga hausumbuliwi na waya ulio jirani. Shida ni kwamba kinachoingia kwenye paipu si kioo kitupu. Kebo nyingi za faiba zinazotoka kwenye nguzo zina waya wa chuma wa kubeba uzito, na hata ukiuondoa huo, pembeni mwa uzi wenyewe kuna vijiti viwili vyembamba vya kuimarisha ambavyo mara nyingi ni chuma pia. Vikikwaruza ganda la waya wa umeme, volti 230 zimepata njia mpaka kwenye ruta.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja mtaa wa Kisasa, ELCB (breka inayokata umeme ukivuja) inaruka, ukiirudisha inaruka tena. Mwenye nyumba alishabadilisha friji akidhani ndiyo mbovu. Nilipochomoa nyaya kwenye kona ya paipu nikakuta waya mwekundu, ule wenye umeme, umechunwa kama muwa, urefu wa kidole, shaba inang'aa. Kijana wa intaneti alikuwa amesukuma kebo yake humo siku tatu kabla, na chuma chake kilikuwa kimefungwa kwenye nondo za dirisha. Sikumlaumu sana. Alikuta paipu moja tu, naye si fundi umeme, wala hakujua azime nini. Bila ile ELCB, dirisha lile lingekuwa linamsubiri mtoto.

Kwa hiyo laza paipu mbili. Ya faiba iwe ya milimita 25, ianzie nje karibu na pale kebo itakapotua na iishie mahali ruta itakapokaa, na mahali hapo pawe na soketi ya umeme (watu husahau hili, kisha wanaburuta ekstensheni sebule nzima). Kona usitumie elbo kali, kunja paipu taratibu, na kila baada ya kona mbili weka boksi la kuvutia kebo. Uzi wa faiba wa ndani ya nyumba, ule wa daraja la G.657, unavumilia mkunjo wa duara ambalo nusu kipenyo chake ni milimita 10, ila mimi sikunji kebo nzima ikawa finyu kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Ikikunjwa zaidi, mwanga unavujia pembeni na intaneti inalegea bila kukatika, ukabaki unagombana na kampuni bure.

Ule waya wa chuma wa kubebea kebo uishie nje kwenye ndoano ya ukutani, usiingie ndani hata sentimita moja. Msimu wa mvua hapa Dodoma radi hazina adabu. Ukipata kebo ambayo vijiti vyake si vya chuma, chukua hiyo.

Huhitaji faiba kila chumba. Ilete moja mpaka kwenye ruta, kisha vyumbani sambaza kebo ya mtandao ya shaba, Cat6, isiyozidi mita 100. Hiyo ndiyo inayosumbuliwa na umeme, kwa hiyo iache angalau sentimita 5 mbali na nyaya za umeme, na zikikutana zipishane kwa msalaba.

Sasa waya. Taa 1.5, soketi 2.5 (ni milimita za mraba, unene wa shaba), hilo fundi wako analijua. Shawa ya maji moto ndiyo inayochoma nyumba. Ya kilowati 5.5 inavuta kama ampea 24, na wengi huipa waya wa 4. Kwenye karatasi unatosha, lakini karatasi hiyo imepigiwa hesabu ya joto la nyuzi 30. Panda darini chini ya bati mwezi wa Novemba saa nane mchana, kisha uniambie kama ni nyuzi 30. Weka wa 6, uwe na breka yake peke yake.

Dukani usinunue kwa maandishi ya juu ya ganda. Menya kidogo, kwaruza kwa wembe. Ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja una kipenyo kinachokaribia milimita 1.8. Ukikuta 1.4, umeuziwa 1.5 yenye jina la kaka yake.

Eathi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, isiwe fimbo fupi iliyogongwa kwenye mchanga mkavu. Ardhi yetu ikikauka haipokei umeme vizuri, kwa hiyo gonga fimbo ndefu, na ELCB ya miliampea 30 isikosekane. Kabla ya kuwasha, fundi apime ganda la nyaya kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama ganda linavujisha umeme. Chini ya megaomu 1 asiwashe. Akisema hana mega, muulize na leseni ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, iko wapi.

Siku ya kuunganisha faiba, watoto wakae mbali. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuumiza jicho, na vipande vya kioo vinavyokatwa ni vyembamba kama unywele, vinazama kwenye ngozi. Vikusanywe kwa karatasi ya gundi, visifagiliwe.

Kabla plasta haijafunika, piga picha kuta zote kwa simu, futi ikiwa imenyooshwa ionekane pichani. Ile ya ukuta wa ngazi nitumie na mimi niione.