Kupanda meli Budapest na mama: fikeni mapema

Dada, umeuliza mfike saa ngapi kwenye ile meli ya utalii ya mtoni pale Budapest, Hungary, na kama mama atasumbuliwa na mawimbi. Mawimbi sahau, ule mto Danube sio bahari ya Nungwi, meli inateleza tu chai haimwagiki. Vyumba mara nyingi vinakuwa tayari kama saa tisa alasiri ila mkiwahi wanapokea mabegi mnakaa zenu sebuleni. Sisi tulienda na mama mkwe, tukakuta meli zimefungwa ubavu kwa ubavu na yetu ndo ya tatu, basi tukawa tunapita ndani ya meli za watu, mapokezi hadi mapokezi, mama anasalimia kila mtu akidhani ndo wenyeji wetu 😂

Msishtuke ni ndogo, nyingi upana ni mita 11 na kitu tu, zinabanwa na yale malango ya maji ya kupandishia na kushushia meli, membamba kwenye mifereji na mito mingine zinakopita. Chumba cha chini kabisa ni cha bei poa ila dirisha halifunguki na lifti mara nyingi haifiki huko, kwa magoti ya mama mi nisingethubutu.

Wakiomba pasipoti mapokezi wape tu, kawaida yao. Ila angalia ruti: mkipandisha mto kwenda Vienna hadi Passau Ujerumani, visa ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) inatosha, mkishuka hadi Belgrade Serbia mmeshatoka Schengen, kurudi lazima visa iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Usiku mkiondoka msijifungie chumbani jamani, pandeni juu na masweta, lile jengo la Bunge linawaka kama dhahabu majini.