Kadi ya Maili au Kadi ya Pointi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Mwanga, Kigoma, na kila mwaka huenda Guangzhou mara moja kufuata mzigo. Benki imenipa hiari ya kadi mbili za mkopo: moja hulimbikiza maili (alama za zawadi zinazobadilishwa kwa tiketi) za shirika moja la ndege, nyingine hutoa pointi zinazoweza kuhamishiwa mashirika mbalimbali. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza namna unavyolipa madeni, kwa kuwa ukibakiza salio mwisho wa mwezi, riba utakayotozwa itazidi kwa urahisi thamani ya maili zote ulizopata. Ikiwa huna uhakika wa kulipa lote, usichukue hata moja.

Ukiwa na uhakika huo, safari ya Guangzhou ndiyo iamue. Ethiopian Airlines imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayopokeleana maili, tangu mwaka 2011, na Kenya Airways imo katika muungano mwingine, SkyTeam, tangu 2010, hivyo maili za upande mmoja hazikusaidii upande wa pili. Kama hupitia Addis Ababa kila mwaka bila kubadili, kadi ya shirika hilo inatosha. Kama hufuata nauli nafuu, na wafanyabiashara wengi hufanya hivyo, chukua ya pointi. Safari zako za Dar es Salaam kwa Air Tanzania usizihesabu, kwani shirika hilo halimo katika muungano wowote kati ya hiyo miwili.

Uliza pia ada ya mwaka, muda wa maili kuisha na, zaidi ya yote, makato ya malipo ya fedha za kigeni. Tiketi ya maili nayo bado hutozwa kodi za uwanja.