Karatasi inasema tuko wanne

*Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki miezi minane iliyopita. Nikitafuta hati ya nyumba kwenye sanduku lake la bati, nilikuta bahasha iliyofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na risiti za ada ya shule za msichana nisiyemjua, mwenye jina la baba, na picha yake akiwa amevaa sare. Nilimbana baba mkubwa, akakiri: baba alizaa kabla hajamwoa mama, na mtoto huyo ananizidi miaka mitatu. Risiti ya kwanza ni ya 1990. Ya mwisho ni ya Januari 1999, ya nusu ada.*

*Shangazi, mwaka huohuo wa 1999, mwezi Mei, baba alinitoa shule nikiwa na miaka 15. Aliniambia hana kitu. Nikaenda kushona vifungo kwa fundi cherehani, miaka sita. Kila nilichonacho leo nimekipata kwa sindano.*

*Sasa wadogo zangu watatu, wote wa kiume, wameandaa karatasi za mirathi zinazosema marehemu ameacha mjane na watoto wanne. Wananitaka nitie sahihi ndani ya wiki mbili. Wanasema huyo mwingine akitaka atakuja kudai mwenyewe, na nikimleta mimi, apewe kutoka fungu langu. Mama nilimwonyesha ile picha. Aliifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akanirudishia, akasema yaliyopita si ndwele. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Nifanye nini? Na kwa nini nimpe chochote mtu aliyekula ada yangu?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa huo wa pili uliokuta sandukuni, ambao hakuna aliyekuja kukaa nawe mkekani kuulilia.

Nianze na karatasi, maana ndiyo yenye siku zake. Usiitie sahihi. Ile si makubaliano ya ndugu waliokaa sebuleni. Ni maneno mnayoyapeleka mahakamani mkithibitisha kwamba ni kweli. Kumwacha nje mtu unayejua yupo ni kusema uongo kwa kiapo, na uongo huo una adhabu karibu kila mahali. Tena usimamizi wa mirathi uliopatikana kwa kuficha mrithi unaweza kutenguliwa, hata kama mali ilishagawanywa na watu wameshahamia ndani.

Haya sikuyasoma tu. Nilipokuwa na miaka 26 nilitia sahihi karatasi kama yako. Tulimwacha nje kaka yetu, mtoto wa mke wa kwanza wa baba, kwa kuwa wakubwa walisema mama yake alishaondoka na mambo yake. Alikuja baada ya miaka tisa. Hakupiga kelele. Alikuwa na cheti chake cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki, amekikunja mara nne. Karani alimpa orodha yetu aisome, naye akapitisha kidole jina kwa jina mpaka chini, kisha akarudi juu akaanza tena, kama mtu anayedhani ameruka mstari. Sahihi yangu ilikuwa chini ya kidole chake. Mahakama ilitengua ugawaji wote na tukaanza upya, na mmoja wetu alikuwa ameshauza fungu lake. Hayo ya mali tuliyamaliza. Kile kidole ninakiona mpaka leo.

Sasa, kama dada yako atarithi au hatarithi, mimi siwezi kukuamulia, na usikubali wadogo zako wakuamulie. Inategemea sheria inayosimamia mirathi ya baba yenu, na inategemea jambo moja ambalo baba mkubwa hakulisema waziwazi: je, baba alimwoa mama wa huyo msichana, au hapana? Kama kulikuwa na ndoa, hata iliyodumu mwaka mmoja, mjadala karibu umekwisha. Huyo ni mtoto wa ndoa. Kama haikuwapo, zipo nchi nyingi ambazo sheria zake leo hazimbagui mtoto kwa sababu wazazi hawakuoana. Mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Paula Marckx dhidi ya Ubelgiji, iliamua kwamba kumbagua mtoto wa aina hiyo katika urithi ni kuvunja haki, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unakataza ubaguzi unaotokana na jinsi mtu alivyozaliwa. Kama ni mirathi ya Kiislamu, kauli ya wanazuoni walio wengi ni kwamba mtoto wa nje ya ndoa hurithi upande wa mama yake, lakini baba angeweza kumwachia kwa wasia hadi theluthi moja ya mali, na ninyi warithi hamzuiwi kumpa kwa hiari yenu. Kwa hiyo tafuteni wasia vizuri kabla hamjasema haupo. Sanduku lenye siri moja linaweza kuwa na mbili.

Nenda kwa mwanasheria, na kama huna fedha ulizia msaada wa kisheria. Nenda na nakala za risiti zote. Zenyewe ziweke mahali ambapo hakuna mdogo wako atakayezipata. Usizidharau karatasi zile. Baba aliyelipa ada miaka tisa ameacha ushahidi kwamba alimkubali mtoto, na mara nyingi ushahidi wa namna hiyo una uzito.

Nikigeukia risiti, kuna kitu nilikiona niliposoma barua yako mara ya tatu. Umeandika tarehe mbili, ukazitenganisha kwa hasira. Ziweke pamoja. Januari 1999 baba analipa nusu ya ada ya yule. Mei 1999 anakutoa wewe. Baada ya hapo hakuna risiti nyingine. Mtu anayemtoa mtoto mmoja shule ili amsomeshe mwingine angeendelea kulipa, na bahasha ingeendelea kujaa. Hii ilikauka. Mimi ninachokisoma pale ni mwanamume ambaye mwaka ule kitu kilimwangukia, akaanza kushindwa upande wa mbali, kisha akashindwa na wa karibu. Sijui kilikuwa nini, kazi, ugonjwa au deni. Baba mkubwa huenda anajua; muulize kuhusu mwaka ule, usimuulize kuhusu mtoto. Naweza kuwa nimekosea, na inawezekana kuna mjomba aliyemalizia ada ya yule binti. Lakini kabla hujasema alikula ada yako, fikiria kwamba huenda mlitoka shule kwa mlango mmoja, miezi minne mkipishana, kila mmoja akiwa peke yake.

Hilo halimsafishi baba. Una haki ya kumkasirikia, na usimruhusu mtu akwambie marehemu hasemwi. Alikuwa na maneno ya kukueleza akachagua kukwambia hana kitu, akakuacha miaka yote hii ukidhani ulitolewa kwa kuwa ulikuwa msichana, au kwa kuwa hukutosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kimemuumbua mbele ya mtoto aliyemheshimu kuliko wote. Deni hilo ni lako na baba. Nakuomba tu usilitoze kwa mtu mwingine, kwa sababu alikuwa mtoto kama wewe na hakuna aliyemuuliza.

Hasira yenyewe iandikie. Mwanasaikolojia James Pennebaker alifanya majaribio, aliyoyachapisha na mwenzake mwaka 1986, akiwataka wanafunzi wa chuo waandike kuhusu jambo zito la maisha yao, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika yaliyotokea pamoja na yale waliyoyahisi walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, kwa hiyo usishtuke jioni ya kwanza ukilia. Mwandikie baba. Anza na Mei 1999: ulikuwa umekaa wapi alipokwambia, alikutazama au alitazama chini.

Umeniuliza, katika sehemu ya barua niliyoifupisha, kama nguvu uliyopata kwa taabu ni yako kweli au ni kovu tu la uongo wa baba. Ni yako. Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka walipofika utu uzima wa miaka 40. Katika wale waliolelewa kwenye ufukara na misukosuko mikubwa nyumbani, takriban theluthi moja walikua watu wazima imara, wenye kazi na wenye upendo. Jambo moja lililojirudia kwao ni kuwapo kwa mtu mzima hata mmoja aliyewashika mkono kwa dhati, awe bibi, mwalimu au jirani. Wewe umemtaja wako bila kujua. Yule fundi aliyemweka mtoto wa miaka 15 karibu na cherehani yake kwa miaka sita, akamfundisha pa kupitisha uzi, hakuwa wa bahati tu. Kama yu hai, nenda ukamsalimie wiki hii, kabla ya mwanasheria. Utafikiri vizuri zaidi ukitoka pale.

Kuhusu mama, nenda taratibu. Mtu anayeiona sura kwa mara ya kwanza huitazama, huuliza ni nani. Mama yako aliifuta vumbi. Nadhani alimjua mtoto huyu, na huenda alizijua risiti pia, maana mwanamke anayepanga fedha za nyumba anajua zinakotoboka. Usimwendee kama hakimu. Yaliyopita si ndwele ni maneno ya mtu aliyebeba kitu muda mrefu, na kwa mjane yanaweza pia kuwa ya hofu: akija mtoto mwingine, nitalala wapi? Kwa hiyo muulize mwanasheria kwanza haki za mama kwenye ile nyumba, upate jibu kamili, ndipo ukae naye mkiwa wawili tu. Anza na jibu hilo. Mwambie paa lake liko salama kwa kiasi hiki na kiasi hiki. Halafu mwache anyamaze mpaka atakapotaka kusema.

Na hili la kifungua mimba limeniuma, nikaona nisilipite. Neno lenyewe linasema mimba ya nani. Wewe ndiye uliyefungua mimba ya mama yako, na hakuna risiti wala picha inayoweza kukuondoa hapo. Ulichopata ni dada mkubwa upande wa baba. Hakuja kukupokonya nafasi.

Wadogo zako wakidai ushahidi wa damu, upo. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hushirikiana kwa wastani robo ya vinasaba, 25%, kwa hiyo kipimo chao ni kigumu kusomeka kuliko cha mzazi na mtoto. Lakini kwa mabinti kuna njia nzuri. Vinasaba hukaa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu, na mbili kati yake, X na Y, ndizo zinazoamua jinsia. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, na kila binti yake anaipata hiyohiyo karibu kama ilivyo. Wana wa kiume huwapa Y. Kama yeye ni mtoto wa baba yako, wewe na yeye mmebeba kipande cha baba ambacho wadogo zako wote watatu hawana. Maabara inaweza kukitafuta kwenu ninyi wawili. Lakini kipimo kifanyike akikubali yeye. Asiburutwe.

Kumtafuta, anzia kwenye jina la shule lililo juu ya risiti, na kwa baba mkubwa. Ukimpata, usimtajie mali siku ya kwanza, kumpa wala kumnyima. Usimwahidi fungu usilojua kama lipo. Mwandikie mistari michache: wewe ni nani, kwamba baba amefariki lini, amezikwa wapi, kwamba alitunza picha yake na risiti zake, na namba ya kukupata. Huenda mpaka leo hana habari kwamba hana baba. Akikasirika, akikaa kimya miezi, hata akikataa kukuona, hiyo ni haki yake, nawe utakuwa umeshafanya la kwako.

Kwa wadogo zako, ongea nao wote kwa pamoja na usiongee mengi. Waambie: "Sitatia sahihi idadi ninayojua si kweli. Mwanasheria atatuambia nani ana haki ya nini, na nitakubali jibu lake hata likinipunguzia." Hilo la kumtoa kwenye fungu lako peke yako likatae palepale, kama ni mrithi, anarithi kwa baba, harithi kwako. Watanuna. Mmoja atasema umevunja familia. Usimjibu siku hiyo.

Hizo wiki mbili wameziweka wao. Muulize mwanasheria kama kuna muda wowote wa kisheria unaowabana kweli, kisha uwaambie wadogo zako muda huo ndio mtakaoufuata. Na picha ile usiirudishe sandukuni. Hukuniambia kama nyuma yake kuna maandishi. Igeuze uangalie kabla hujamwandikia.